MREJESHO: Upinde wa inchi 62 au 68?

Wakuu habari zenu, ni mimi yule wa mwezi uliopita, nina urefu wa sentimita 178 nikauliza nichukue upinde wa mishale wa inchi 62 au 68. Asanteni sana aisee.

Nilifuata ya yule aliyesema nipime mikono, nikasimama ukutani nimeitanua, dogo akavuta futi ya fundi cherehani ikaja 178 hiyohiyo, gawa kwa 2.5 unapata sentimita 71, yaani kamba naivuta kama inchi 28, ni mbali kwa upinde wa 62, basi nikaagiza 68. Ile 62 ya kuazima nikivuta hadi kidevuni kamba inanibana vidole, cha pete kinabaki chekundu, sasa hivi hakuna hiyo kitu. Na mliosema fupi ndo rahisi kwenye daladala, hii inafunguka vipande vitatu inaingia kwenye begi, konda hata hajui.

Nilipochemka ni uzito wa kuvuta kamba. Mliniambia pauni 20 mpaka 24, nikajifanya mwanaume nikachukua 30, mshale wa nne tu mkono unatetemeka, mshale unapita juu ya viroba vya matambara ninavyolenga unagonga ukuta, hapa Kigamboni nimeshavunja mishale miwili. Natafuta zile mbao za juu na chini za upinde zinazopinda, za pauni 22, mpini wa katikati unabaki uleule.