Ushauri wa haraka: nataka kumtoa nyoka wangu nje apunge upepo

MtotoWaTudor: Assalaam alaykum wana jukwaa. Nina nyoka wa kufuga, mpole, hajamwuma mtu. Muda wote yuko kwenye sanduku la kioo chumbani, naona amezubaa. Jumamosi alasiri nataka nimpeleke bustani ya Mama Ngina, hapa Mombasa ufukweni. Nimbebeje? Nikifika nimwachie atambae au nimshike? Matusi bakini nayo.

BintiKisauni: Mama Ngina Jumamosi, penye watoto na mihogo ya kukaanga? Mimi nitajitosa baharini na buibui langu.

MzeeWaBamburi: Kijana, nyoka hachoshwi na chumba kama wewe. Cha kuogopa ni jua. Mwili wake hufuata joto la mahali alipo, na jasho hana. Kwenye saruji iliyopigwa jua la alasiri atakufa hujamaliza soda. Toka alfajiri. Mtie kwenye foronya ya pamba, piga fundo, kisha ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa. Na kama amekula, mwache siku mbili, la sivyo atatapika. Ni nyoka gani?

MtotoWaTudor: Wa kawaida tu.

FundiMikindani: Na kunguru je? Kenge alitokea nyuma ya karakana yetu, wakamdonoa mkia mpaka akajificha chini ya matatu ya watu. Dereva hakujua, akawasha gari. Kenge alipona, ila kondakta ndiye aliyeteguka mguu. Na kenge mwenyewe alikuwa mwizi wa mayai yangu!

MzeeWaBamburi: "Wa kawaida" si jibu.

MtotoWaTudor: Haya, ni chatu. Binamu alimwokota shambani Kwale akiwa mdogo, sasa ana kama mita moja na nusu. Kibali sina. Lakini tungemwacha wangemkata panga, na wapwa zangu nshawaahidi. Mpiga picha pia nimempa chochote.

UstadhChangamwe: Yule mwanamke aliyemfungia paka hata akafa njaa, habari yake unaijua. Jitazame.

WakiliWaMtaani: Sheria ya wanyamapori ya 2013 yataka kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Picha zako zitawafikia kabla wapwa hawajarudi nyumbani.

MtotoWaTudor: Kwani nimefuga simba? Watu wana kasuku mji mzima, nani anawauliza?

MpitaNjia: Subirini. Huyo chatu anakula nini?

MtotoWaTudor: Dagaa na maziwa.

MpitaNjia: Mwaona? Chatu hula panya, ndege, sungura. Kwa dagaa asingefika mita moja na nusu. Na wewe juzi si ulikuwa na mchumba Ujerumani anayekununulia tuktuk?

BintiKisauni: Mchumba naye alikuwa wa dagaa?

MtotoWaTudor: Wallahi nyoka yupo! Nimeandika kwa haraka, dagaa na maziwa ni ya paka. Chatu usiku namfungulia, nyumba ni ya zamani, panya hawaishi.

MzeeWaBamburi: Unamfungulia na watoto wamelala? Sahau Mama Ngina. Wapigie KWS wamchukue, au uwaulize Bio-Ken, kituo cha nyoka kule Watamu, wako na nyoka tangu 1980. Na usimtupe kichakani usiku ukadhani umemaliza.

BintiKisauni: Paka umemwona lini mara ya mwisho?

MtotoWaTudor: Paka huzurura, ni kawaida yake. Hebu turudi kwenye swali: kwa tuktuk, ndoo niiweke miguuni au nimpakate?