Nilipeleka Vitz ikaongezwe nguvu, imerudi haina masega ya kusafisha moshi. Mafundi, hii tabia mtaiacha lini?

Wakuu, habari za saa hizi. Naombeni mnivumilie, uzi ni mrefu na nina hasira. Nimekaa na jambo hili wiki tatu nikidhani litapoa, halijapoa.

Gari ni Vitz ya 2006, ile KSP90, injini 1KR-FE, silinda tatu, cc 996. Nipo nayo mwaka wa tano. Desemba tulipanda Iringa msibani, watu wazima wawili, watoto wawili, buti limejaa, AC inapuliza. Wanaoijua Kitonga, ule mlima wa kona kali njia ya Iringa, wanajua ninachosema. Spidi ilishuka mpaka 25, nyuma yangu lori linapiga honi, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Mama watoto ananiambia niegeshe na pale hakuna pa kuegesha. Nilifika juu mikono imelowa.

Niliporudi Dar nikaanza kuulizia namna ya kuiongezea nguvu kwa hela ndogo, maana uwezo wa kununua gari kubwa sina. Kubadilisha injini kuweka ya 1.3 nilishaambiwa bei yake nikaachana nayo. Nikaelekezwa gereji moja, jina silitaji. Fundi kijana, mchangamfu, anaongea vizuri. Akaniambia, "Kaka, hizi gari ndogo Mjapani kazibana kwa ajili ya sheria za kwao. Tukiifungua inapumua, utanipigia simu kunishukuru."

Kuifungua kwenyewe kulikuwa hivi: anatoa masega kwenye ekzosi (catalytic converter), anatoa themostati (vali inayozuia maji mpaka injini ipate joto), anaondoa boksi la klina (chujio la hewa) anaweka klina ya koni ya "sport", halafu ananichomekea kiboksi kwenye soketi ya OBD, ile ya kupimia gari, chini ya usukani ambacho eti kinaifundisha kompyuta ya gari kuongeza nguvu. Jumla 450,000. Nikalipa. Ikatoka na mlio mzito, nikakanyaga mara mbili barabarani nikasikia ngurumo, nikaamini nguvu imekuja. Wakuu, mlio ulinidanganya. Ukisikia gari inanguruma unahisi inakimbia.

Julai tukapanda tena Iringa. Kabla ya Ruaha Mbuyuni mtoto mdogo akaanza kutapika. Tukasema ni safari. Dada yake analalamika kichwa kinauma. Mimi mwenyewe nasikia harufu ya moshi, nikawa nafikiri ni ya malori yaliyo mbele. Tukafungua vioo, wakatulia kidogo. Tukafika Kitonga, na gari ikapanda vile vile kama Desemba, tofauti pekee ni kwamba sasa ilikuwa inapiga kelele. Mafuta ndiyo yalinishtua zaidi. Gari iliyokuwa inanipa kilomita 16 kwa lita safarini ilikuwa imeshuka mpaka 11.

Kesho yake asubuhi Iringa, baridi ya Julai. Wenye hizi Vitz mnajua haina mshale wa joto, ina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa ya baridi, ikipata joto inazima. Nimewasha gari, nimetoka Ipogolo kupanda mjini, taa ya bluu inawaka. Nimezunguka mjini, nimeenda sokoni, taa bado ipo. Gia nayo haibadiliki kama ilivyozoea, injini inalia tu. Mwenyeji wetu akanipeleka kwa fundi wake, mzee mmoja ana gereji ndogo nyuma ya nyumba yake.

Yule mzee hakugusa spana kwanza. Alisikiliza. Akauliza, "Kijana wangu, nani alikutolea themostati?" Nikashangaa kajuaje. Akanielekeza: injini hii imetengenezwa ifanye kazi ikiwa na joto lake, themostati inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote na injini haifiki kwenye joto, hasa sehemu za baridi. Kompyuta ikiona injini ni ya baridi inazidisha mafuta, na gia otomatiki inachelewa kuingia ile ya juu kabisa. Kwa hiyo nimelipa hela ili gari yangu iishi kama imewashwa sasa hivi, kutwa nzima.

Kisha akainua gari kwa jeki, akaweka vigingi, akaniita niingie chini naye. Nikaingia. Akagonga kopo la masega kwa mpini wa spana. Likalia kama debe tupu. Akamulika tochi kwenye mshono wa kuchomelea. Kopo lilikuwa limepasuliwa ubavuni, likatolewa vilivyomo ndani, likafungwa tena kwa kuchomelea vibaya. Kwenye mshono kulikuwa na mstari mweusi wa masizi, urefu wa kidole changu. Akasema, "Moshi unatokea hapa, unapanda ndani ya gari." Nikamkumbuka mwanangu anatapika. Wakuu, moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa wamelala. Watoto wangu walikuwa wamelala kiti cha nyuma.

Sasa sikilizeni kilichonifanya nifungue uzi huu. Chini ya ile sensa ya pili ya oksijeni, inayokaa baada ya masega, mzee alikuta kijibomba kimefungwa kuisogeza sensa nje ya njia ya moshi. Nikauliza kazi yake. Akasema sensa ile kazi yake ni kuangalia kama masega yanafanya kazi, yakitolewa inaleta kosa la P0420 na taa ya injini inawaka. Ukiisogeza pembeni haioni vizuri, taa haiwaki, mwenye gari hashtuki.

Kwa hiyo yule kijana alijua. Aliyeamini kweli kwamba masega yanabana gari asingehangaika kuficha. Masega yana platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana kuna watu wanazunguka magereji wakiyanunua. Nilipompigia mmoja wao simu nikajifanya nauza ya Vitz, akanitajia laki tatu bila hata kuyaona. Mimi nimelipa ufundi wa kuyatoa, na yule kijana akayauza. Hakuniambia kwamba kile kitu kina thamani, wala hakunikabidhi. Wizi huu mnauitaje?

Kiboksi cha OBD nilikifungua mwenyewe kwa bisibisi. Soketi ile ina pini 16, na baadhi yake ndizo zinazopitisha mawasiliano ya kompyuta. Kwenye kiboksi changu pini hizo za mawasiliano hazikuunganishwa na kitu chochote. Zilizounganishwa ni za umeme tu, zinawasha vitaa vitatu vipepese. Na ile klina ya koni ilikuwa imekaa wazi nyuma ya rejeta, inavuta hewa ya moto ya injini, wakati boksi la Toyota lina mdomo unaochukua hewa ya mbele yenye ubaridi. Hewa ya moto ni nyepesi, ina oksijeni kidogo, nguvu inapungua. Hata hilo boksi langu aliloling'oa sikurudishiwa, mzee ndiye alinitafutia la mtumba.

Najua kuna watakaokuja hapa kusema wao walitoa masega na gari ikawa nyepesi. Inawezekana masega yao yalikuwa yameziba. Yakiziba gari inakabwa kweli, hilo sibishi. Lakini hupimwa kwanza: inafunguliwa sensa ya mbele, inafungwa geji ya presha pale, unaona kama moshi unarudi nyuma. Yangu nani aliyapima? Masega mazima kwenye injini ya cc 996 hayakunyimi nguvu ya kukupandisha Kitonga.

Tatizo la gari yangu tangu Desemba lilikuwa nini? Mzee aliniwekea kila kitu kwenye gunia chini nikione. Plagi tatu, ncha zimelika, nafasi imepanuka. Throtoli, mlango wa hewa ya injini, ina utando mweusi mzito. Oili iliyowekwa ni 20W-50 wakati hii injini inataka 5W-30, na VVT-i, mfumo unaobadilisha muda wa vali kufunguka, inasukumwa na hiyo hiyo oili, ikiwa nzito inafanya kazi kwa kuchelewa. Tairi zilikuwa na upepo 24, kibandiko cha mlango wa dereva kinasema 33. Na kalipa ya breki ya mbele kushoto ilikuwa imenasa. Aliniambia niguse rimu ya kushoto na ya kulia baada ya kuendesha kidogo. Ya kulia vuguvugu, ya kushoto nilitoa mkono haraka. Yaani nilipanda Kitonga mara mbili huku breki moja imeshika.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho yule wa Dar alikiangalia. Hakufungua hata boneti kabla ya kunitajia bei.

Gharama za mzee, ili mwenye Vitz mwenzangu ajue pa kuanzia: plagi 90,000, klina ya kawaida 20,000, kusafisha throtoli 15,000, pedi na kulainisha pini za kalipa 45,000, themostati 40,000, oili na filta yake 75,000, ufundi 40,000. Jumla 325,000. Mshono wa kopo aliuchomelea upya bila kunidai, akasema hachukui hela ya moshi unaoingia kwa watoto. Boksi la klina ni hisani ya mwenyeji wangu.

Jioni ile nikapanda tena kutoka Ipogolo kwenda mjini. Asubuhi nilikuwa napanda injini inalia na kasi haipo. Jioni imepanda kwa 50 na mguu haujafika chini. Taa ya bluu ilizima kabla sijamaliza dakika tano. Mafuta kurudi Dar yalinipa 15 na kidogo.

Na mzee aliniambia ukweli ambao fundi anayetafuta hela hawezi kukwambia. Hii injini ina nguvu farasi 71, na hizo unazipata ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Ukiiogopa ukaendesha kwenye 2,000 mlimani hupati kitu. Teremsha gia mapema kabla haijachoka, zima AC kwenye kona kali, acha mizigo isiyo ya lazima. Halafu kupanda juu kwenyewe kunaila: injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, na Iringa ipo zaidi ya mita 1,500. Hakuna kiboksi kitakachobadilisha hewa ya Iringa.

Nilipofika Dar nilienda gereji. Yule kijana aliniona akaingia ndani. Bosi wake akaniambia kazi ilifanyika kwa makubaliano na mimi, nilisaini wapi kwamba nataka masega yangu? Nimeuliza mtu anayejua sheria, ananiambia bila risiti ni neno langu kwa lao. Risiti sikupewa, nilitumiwa namba ya simu nikalipa. Hapo kosa langu nalikubali, lakini kutopewa risiti hakumpi mtu haki ya kuuza mali yangu.

Ninachotaka kutoka kwenu ni vitu viwili. Kwanza, mliowahi kufanyiwa hivi wekeni hapa, mlilipa shilingi ngapi na mliambiwa nini, maana naamini maneno ni yale yale, "Mjapani kaibana". Pili, mwenye kujua duka la spea za mtumba lenye kopo la KSP90 ambalo masega yake yapo ndani, aandike hapa hapa hadharani, asinifuate pembeni. Nitakuja na tochi. Nitachungulia mwenyewe kabla sijatoa hata mia.