Tunataka wanafunzi wasaidiane kimasomo chuoni kwetu Tabora, tuanzie wapi?

Mwana_Unyanyembe:
Wakuu habari zenu. Nasoma ualimu mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa Tabora. Somo la takwimu linawatesa sana wadogo zetu wa mwaka wa kwanza. Wengi wametoka michepuo ya HKL na HGL, hesabu waliagana nayo kidato cha nne, leo wanakutana na standadi deviesheni, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani. Sapu (mitihani ya kurudia) zinakuwa nyingi, na wapo wanaokata tamaa kabisa. Inaniuma, maana tuliofaulu somo hilo tupo na tunapishana nao kila siku.

Makundi ya WhatsApp yapo, ila kinachopita humo ni madesa (notsi za kupeana) tu. Diskasheni za kwenye vimbweta nazo, mmoja anafundisha, wengine wanaitikia. Na mwenye shida kubwa ndiye haji, anaogopa kuonekana mtu wa sapu. Tufanyeje ili kitu hiki kidumu hata tukishamaliza chuo? Wasaidizi walipwe? Tuanze na uongozi au tuanze wenyewe? Natanguliza shukrani.

Reli_ya_Kati:
Anzeni wenyewe mkuu. Ukipeleka barua utazungushwa mpaka UE (mtihani wa mwisho wa muhula) ifike.

Mwalimu_Isevya:
Mkuu hapo juu, sikubaliani nawe. Bila baraka za mlezi wa wanafunzi hampati chumba, na mlinzi akiwatoa hamna pa kulalamika. Barua ya ukurasa mmoja inatosha.

Ila kwangu hilo ni dogo. Kubwa ni hapo uliposema mwenye shida haji. Msitangaze kabisa kwamba ni msaada kwa walio dhaifu. Chuo Kikuu cha Missouri-Kansas City kule Marekani kilianza mpango wa namna hii mwaka 1973, mwanzilishi akiwa Deanna Martin, na wao walilenga somo gumu badala ya kumlenga mwanafunzi dhaifu. Darasa zima linakaribishwa. Anayetafuta A na anayekimbia sapu wanakaa benchi moja, hakuna anayejua nani kaja kwa lipi. Msaidizi wao ni mwanafunzi aliyekwisha kulifaulu somo hilo, halafu anarudi kukaa kwenye lekcha pamoja na wanaolisoma sasa, ili ajue mhadhiri kafika wapi na kasisitiza nini. Kwenye kikao hafundishi upya, anawafanyisha kazi.

Mfano, mtu anauliza kwa nini tunaweka skwea (kipeo cha pili) kwenye fomula ya standadi deviesheni. Msaidizi asikimbilie kueleza. Awape namba tatu: 4, 6, 8. Watafute wastani, watapata 6. Watoe wastani kwenye kila namba: −2, 0, 2. Wajumlishe. Inakuja sifuri! Awaulize, "Ina maana namba hizi hazitofautiani?" Kisha anyamaze, na hapo ndipo wasaidizi wengi wanaposhindwa. Akivumilia kidogo, mmoja wao atasema hasi imeila chanya, na skwea wataidai wenyewe.

Mama_Ujiji:
Mdogo wangu, hongera kwa moyo huo. Mimi niko Kigoma, nasoma Chuo Kikuu Huria huku nafanya kazi na kulea, kwa hiyo wanafunzi wenzangu ndio wamenishika mkono. Naomba uangalie saa. Mkiweka vikao usiku, mabinti waliopanga Ng'ambo na Cheyo hawatakuja, au watakuja na kurudi kwa hofu.

Jingine, wekeni mipaka mapema. Msaidizi asimwandikie mtu asaimenti, hata akibembelezwa vipi. Na akiletewa mambo mazito, mtu kafiwa, mtu hana hela ya kula kwa sababu bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) limechelewa, amsikilize kisha amsindikize kwa mlezi. Asibebe mwenyewe, naye ana mitihani yake.

Reli_ya_Kati:
Na malipo? Kujitolea kunaisha wiki ya testi.

Mwalimu_Isevya:
Hela za kuungaunga ndizo zitakazoleta ugomvi. Waombeeni barua ya kutambuliwa yenye mhuri wa chuo. Hawa ni walimu watarajiwa, vikao hivi vinawanoa kabla hawajaenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Wiki ya testi zao wapumzike, iandikwe hivyo kwenye ratiba tangu mwanzo. Ili mpango udumu, kila wa mwaka wa tatu afanye kazi na mwenzake wa mwaka wa pili, ndiye atakayerithi.

Mwana_Unyanyembe:
Asanteni sana, mmenifungua. Nimeongea na CR (kiongozi wa darasa) wa mwaka wa kwanza, Jumatano kuanzia saa nane mchana hawana kipindi, nadhani hapo dada zetu watafika. Swali la mwisho: wakija watu sitini siku ya kwanza na sisi tuko wanne?

Mama_Ujiji:
Msiwarudishe, hawatakuja tena. Wagaweni watano watano, swali moja kwa wote, nyie wanne mnazunguka.

Mwalimu_Isevya:
Na chaki washike wao. Kwenye barua ya mlezi ambatanisha ratiba na majina ya wasaidizi, atakuuliza tu. Mpe nakala na mhadhiri wa takwimu kabla hajasikia kwa watu wengine.