Eunos Roadster ya 1991: je, rimu za inchi 17 zitaingia bila kukata fenda?

MkaziWaBwiru

Habari za jioni, wakuu. Nina Mazda Eunos Roadster ya mwaka 1991, injini ya lita 1.6, ambayo nimekuwa nayo kwa miaka minne na kuifufua polepole kadiri mfuko ulivyoruhusu. Bado inatembelea rimu zake za kiwandani za inchi 14, zenye upana wa inchi 5.5 na matairi ya 185/60 (upana wa mm 185, na kimo cha ukuta wa tairi asilimia 60 ya upana huo). Matairi hayo yamekwisha, na kwa kuwa sina budi kununua mengine, nimeona huu ndio wakati wa kuongeza ukubwa, kwa sababu madigadi ya gari hili ni mapana na magurudumu yaliyopo yanaonekana yamezama ndani.

Kuna muuzaji hapa mjini mwenye rimu za inchi 17, upana wa 7.5, ofseti 35, ambazo tayari zimevishwa matairi ya 215/40. Amenihakikishia kwamba matundu ni manne yaleyale na kwamba zitaingia bila shida. Alinikubalia kujaribu moja upande wa mbele gari likiwa kwenye jeki: nati ziliingia, na gurudumu lilizunguka bila kugusa popote. Wasiwasi wangu ni njia ya nyumbani. Kutoka barabara ya Makongoro hadi kwangu kuna matuta kadhaa, kisha kipande cha mwisho ni mlima wenye barabara ya mawe. Naomba ushauri kabla sijalipa.

FundiWaIgoma

Ndugu, jaribio la kwenye jeki halikuambii kitu. Gari likiwa hewani, shokapu imenyooka yote na gurudumu limening'inia mbali kabisa na fenda. Shida hutokea gari likiwa limebeba watu wawili, limelalia upande mmoja kwenye kona, na hapohapo linatua kutoka kwenye tuta. Hapo ndipo gurudumu hupanda juu na kutafuta nafasi ambayo haipo.

Tufanye hesabu. Rimu yako ya kiwandani ina upana wa mm 140 na ofseti ya 45, maana yake uso unaobana kwenye haba (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) umesogea mm 45 kuelekea nje kutoka katikati ya upana wa rimu, hivyo ukingo wa nje wa rimu uko takriban mm 25 nje ya haba. Rimu ya huyo muuzaji ina upana wa mm 190 na ofseti ya 35, na ukingo wake wa nje utafika mm 60. Umeongeza mm 35 upande wa fenda na mm 15 upande wa ndani, kuelekea shokapu. Mm 35 ni nyingi mno kwa gari dogo kama hilo, na kadiri gurudumu linavyosogea nje, ndivyo usukani unavyokuwa mzito, ndivyo kila shimo linavyouvuta mkononi, na ndivyo beringi za haba zinavyobebeshwa mzigo ambao hazikutengenezewa.

Halafu kuna kimo. Tairi la 185/60 kwenye rimu ya 14 lina kipenyo cha mm 578. La 215/40 kwenye rimu ya 17 lina mm 604. Hilo ni ongezeko la asilimia 4.5, na kipima mwendo chako hakitalijua. Dashibodi ikisoma 50, wewe utakuwa unakwenda 52; ikisoma 100, umevuka 104, na askari mwenye tochi atasoma mwendo wa kweli, si wa dashibodi. Ni sawa pia na kurefusha kila gia kwa kiasi hichohicho, na kwa injini ya lita 1.6 kwenye mlima wa Bwiru utalihisi jambo hilo tangu siku ya kwanza.

Nikiwa wewe ningechukua rimu za inchi 15 na matairi ya 195/50. Kipenyo chake ni mm 576, tofauti ya mm 2 tu na ya kiwandani. Unapata tairi pana kidogo, ukuta wa tairi mfupi kidogo unaoufanya usukani ujibu upesi, na bado unabaki na zaidi ya mm 97 za mpira kati ya rimu na jiwe. Tairi la 215/40 linakuachia mm 86.

DadaWaNyegezi

Naunga mkono maelezo ya fundi, na naongeza yaliyonikuta. Kwenye Starlet Glanza yangu nilifunga rimu za inchi 16 na matairi ya 205/45 ya mtumba. Gari lilipendeza sana, sitakataa. Mwezi wa tatu nikaingia kwenye shimo dogo lenye kingo kali njia ya Kisesa, shimo ambalo kwa matairi ya zamani ningelipita nikilalamika tu. Nilipofika nyumbani nikakuta uvimbe kama nusu ya yai ubavuni mwa tairi, na kwa ndani rimu imekunjika kiasi cha kuingiza ncha ya kidole. Uvimbe wa namna hiyo maana yake nyuzi za ndani zimekatika, na tairi hilo halitengenezeki. Usidanganywe na mtu kwamba litawekwa kiraka liendelee.

Kabla ya kulipia tairi lolote lililovaliwa, tafuta ubavuni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yangu yalikuwa ya 2011, na niliyatazama kwa makini baada tu ya kuharibikiwa.

Kuhusu upana, kaka, fikiria pia mvua. Roadster haifikii hata tani moja. Gari jepesi juu ya matairi mapana huanza kuelea juu ya maji mapema zaidi, na barabara zetu za bondeni hujaa maji kila mvua kubwa inaposhuka kutoka milimani. Mpira mzuri na mpya wa mm 195 utakushikia barabara kuliko mpira mgumu wa mm 215 uliokaa stoo miaka kumi.

MkaziWaBwiru

Ahsanteni sana. Leo nimepita Mwaloni, Kirumba, na kumwomba kijana mmoja anipimie magurudumu mawili kwenye mizani yake ya samaki. La kwangu na tairi lake ni kilo 12 na nusu; lile la inchi 17 ni karibu kilo 19. Sikutarajia tofauti hiyo, na hizo ni kilo ambazo shokapu zangu za zamani zingelazimika kuzituliza kwenye kila jiwe. Nimemrudishia muuzaji mali yake. Sasa nitafute wapi rimu za inchi 15, na nichunguze nini?

FundiWaIgoma

Bahati yako ni kwamba mpangilio wa gari hilo, nati nne kwenye duara la mm 100, ndio huohuo wa Vitz, IST na Starlet zilizojaa mjini, na hata tundu la katikati ni mm 54.1 kama la Toyota hizo. Rimu za Honda Fit nazo zina nati nne kwa mm 100, lakini tundu lake ni mm 56.1, hivyo litakalia nati peke yake na usukani utatetemeka usipoweka pete ya kujazia nafasi. Tafuta upana wa 6 hadi 7, na ofseti kati ya 35 na 45. Hakikisha umbo la kichwa cha nati linalingana na tundu la rimu, kwani nati ya duara kwenye tundu la koni hulegea. Spesa za bei rahisi, yaani vipande vya kusogeza gurudumu nje, usiziguse.

Upepo usiachie kijana wa matairi akisie. Kiwanda kiliandika pauni 26 kwa gari hili, na wengi hapa hujaza 35 kwa mazoea, gari likaanza kurukaruka. Mwisho, nenda ukapangiwe magurudumu. Roadster inarekebishika mielekeo ya magurudumu yote manne kwa boliti maalum kwenye mikono ya chini. Baada ya miaka 30 na zaidi boliti hizo huwa zimeshikana na kutu, kwa hiyo zinyunyizie mafuta ya kulainisha siku kadhaa kabla.

MkaziWaBwiru

Natoa taarifa. Nimepata rimu za 15 kwa 6.5, ofseti 38, na matairi mapya ya 195/50. Nilipaka chaki ndani ya fenda zote nne, nikampakia ndugu yangu pamoja na mfuko wa saruji kwenye buti, kisha tukayapita matuta yote kwa mshazari hadi juu mlimani. Mbele chaki imebaki safi, hata usukani ukikatwa hadi mwisho. Nyuma kulia ni safi. Nyuma kushoto kuna mstari wa urefu wa kidole uliofutika kwenye ukingo. Je, niukunje ukingo huo?

FundiWaIgoma

Usiukunje bado. Ukikunja chuma cha umri huo rangi hupasuka, na kwa unyevunyevu wa ziwa kutu itaanzia hapohapo. Kama chanzo kingekuwa ukubwa wa tairi, pande zote mbili zingegusa. Egesha gari mahali tambarare, pima kutoka katikati ya haba hadi ukingo wa fenda, kushoto na kulia, utuambie.

MkaziWaBwiru

Kushoto kumeshuka mm 11. Nimefungua, na springi imekatika mzunguko wa chini kabisa, kipande kimekaa ndani ya kikombe chake. Kutu ya mahali ilipokatikia ni ya zamani. Ninaagiza springi mbili za nyuma, na fenda itabaki kama ilivyo.