Boma la Pangani: bango liandike nini?

Mwalimu_Mkwaja
Wadau, salaam. Juzi nilipeleka darasa la sita Pangani wakalione lile boma kongwe karibu na mto. Jamaa aliyetutembeza akagonga nguzo kwa kiganja, akawaambia watoto: "Humu wamezikwa watumwa wakiwa hai, ili jengo lisianguke." Binti mmoja alilia mpaka tunapanda kivuko. Tangu siku hiyo najiuliza: likiwekwa bango la maana pale, habari hiyo iandikwe au iachwe? Nawasilisha.

FundiChokaa
Mwalimu, mimi nyumba za mawe nimezikarabati miaka ishirini. Nguzo ya matumbawe na chokaa inasimama kwa sababu imeshikana. Ukifukia mtu ndani akaoza, unabaki na pango, na pango halibebi boriti. Halafu huyo Mwarabu aliyejenga (wengi husema 1810) mtumwa kwake ilikuwa mali. Nani anazika mali yake ukutani? Hizo ni hadithi za mabibi wanaosubiri nazi zikauke. Bango liseme Mwarabu kajenga nini na Mjerumani kaongeza nini, yatosha.

Mjukuu_wa_Muhembo
Nazi zikauke?? Bibi yangu mzaa mama kazaliwa Pangani, kafia Pangani, na baada ya magharibi hakuwahi kukatiza mbele ya lile boma. Kwa hiyo alikuwa mwongo?

FundiChokaa
Mkuu, bibi yako sijamtaja.

Mjukuu_wa_Muhembo
Umesema mabibi. Pangani mji wenyewe kiganja. Nitajie bibi mmoja ambaye si bibi yangu au shoga yake.

Maziwe
Tulieni. Hadithi ya mtu kuzikwa kwenye nguzo nimeisikia kwa majumba mengine ya mwambao, si Pangani tu. Fundi anaweza kuwa sahihi kwa chokaa, na bibi akawa sahihi kwa kilichomtisha. Watu walinunuliwa na kuuzwa pale mtoni, wakavushwa, wakalimishwa miwa. Andikeni "inasimuliwa kwamba", mtoto akue na swali lake.

RaskazoneMjini
Mimi nashangaa kitu kimoja tu, watoto wametolewa shule wakatazame nini Pangani. Historia ya mkoa iko Tanga mjini: bandari, reli, mkonge. Pangani ni kivuko na madafu.

Mjukuu_wa_Muhembo
Umesema MKONGE? Wewe kijana, mkonge ulipandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto, hapo hapo Pangani. 1893, Hindorf, yule Mjerumani. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, mingi ikafia njiani, ikafika hai 62. Hiyo 62 ndiyo mama wa mashamba yote mnayojivunia.

RaskazoneMjini
Ilikuwa 66, tulisoma shuleni. Na ilishukia bandari ya Tanga. Kilichoshukia Tanga ni cha Tanga.

Mjukuu_wa_Muhembo
Basi na Wajerumani walioshukia Tanga ni Wadigo.

Dume_la_Mrima
😂😂 Turudi kwenye boma bwana. Mnasahau kubwa kuliko yote: Pangani ndipo Abushiri alipomnyonga Nyundo, vita dhidi ya Wajerumani vikaanza. Hilo ndilo la kuandikwa, kwa herufi kubwa.

Maziwe
Umegeuza, ndugu. Nyundo ni Zelewski, mtu wa ile kampuni ya Kijerumani iliyokodishiwa mwambao na Sultani Khalifa wa Zanzibar mwaka 1888. Agosti ile aliingia Pangani kwa kishindo, akagombana na liwali juu ya bendera, askari wa manowari wakashuka, na siku za Iddi msikiti ukaingiliwa na viatu na mbwa. Hapo ndipo mji ulipowaka. Lakini Nyundo hakufia Pangani. Wahehe wa Mkwawa ndio waliommaliza, Lugalo, Agosti 1891. Aliyenyongwa Pangani ni Abushiri mwenyewe, 15 Desemba 1889.

Dume_la_Mrima
Sawa, kamba ile ile tofauti ni shingo. Bado ni shujaa.

FundiChokaa
Shujaa aliyekuwa na shamba la miwa na watumwa wa kulilima? Mnamlilia mtumwa wa kwenye nguzo ambaye hajulikani kama alikuwepo, halafu aliyekuwa nao kweli mnampa bango.

Dume_la_Mrima
Ulitaka apigane na Wissmann, kamanda wa Wajerumani, akiwa amebeba nini, cheti cha tabia njema? Watu kama wewe ndio mngemfungulia Mjerumani mlango mkamwekea na maji ya kuoga.

FundiChokaa
Milango natengeneza, ndiyo. Ukitaka wako niambie, maana naona wa mdomoni haufungiki.

Bi_Bweni
Ninyi mnaotaja Kikogwe kwa ajili ya mkonge tu, mbona hamgusi ya 1873? Miaka ishirini kabla ya hiyo miche, watumwa wa mashamba ya miwa ya Kikogwe waliasi wakatoroka kwa makundi. Hawakungoja Mwingereza wala Sultani Barghash atie saini ya kufunga soko la watumwa, japo mwaka ni huo huo. Mwalimu, ungemwonyesha yule binti ng'ambo ya mto ukamwambia kule kuna watu walikataa, angevuka na swali, si machozi. Kwangu mimi bango lianze na hao watoro.

RaskazoneMjini
Kikogwe tena. Nimesema 66.

Mjukuu_wa_Muhembo
62. Na uombe radhi kwa habari ya madafu.

RaskazoneMjini
Madafu ni tusi tangu lini? Nimewasifu.

Maziwe
Bi Bweni kasema jambo hapo juu, someni.

Dume_la_Mrima
Tumesoma. Lakini Fundi bado hajanijibu kuhusu Mjerumani.

Mwalimu_Mkwaja
Jamani, kesho nina kipindi na watoto hao hao, na yule binti kaniuliza mara mbili. Nguzo nimwambie nini?

Mjukuu_wa_Muhembo
Mwambie bibi yangu hakuwa mwongo.

FundiChokaa
Mwambie nguzo ni mawe na chokaa, alale.

RaskazoneMjini
Mwambie 66.