Nimechekwa kwenye usaili, na aliyenicheka ndiye hajui!!!

Wakuu, nimetoka usaili sasa hivi, hata tai sijavua. Yule jamaa mnamjua. Yule wa "Java (lugha ya kuandikia programu) nimeianza nyie mko chekechea". Leo ndiye mwenyekiti wa paneli.

Kaniuliza hashkodi (namba ya utambulisho) ya obijekti (kifurushi cha data ndani ya programu) inatoka wapi kama hujaiandikia yako. Nikamjibu: kwenye HotSpot, mtambo unaoendesha programu za Java, ni namba ya kubahatisha, inaundwa mara ya kwanza ukiiomba, inaandikwa biti 31 kwenye hedi (sehemu ya mwanzo) ya obijekti, baada ya hapo ni kusoma tu. AKACHEKA. Kacheka mpaka kikombe kikatembea mezani. Akanyanyuka, akachukua maka peni, akaandika ubaoni: HASHKODI = ANWANI YA MEMORI. Akapigia mstari. Miwili!

Anwani gani, mzee? Gabeji kolekta, kile kisafisha memori, inahamisha obijekti kutwa kama mpangaji anayedaiwa kodi. Ingekuwa anwani, unaweka kitu kwenye IdentityHashMap (jedwali linalotafuta vitu kwa hashkodi hiyo) asubuhi, jioni hukioni. Namba inakaa kwenye hedi ili obijekti ikihama ihame nayo! Nani anisikilize sasa, paneli nzima inacheka, hadi dada aliyeleta maji.

Mistari miwili, wakuu. Wino mwekundu.

Kobe wa Pili: Bila picha ya ubao hii ni chai.

Mama Semikoloni: Umemsahihisha bosi mbele ya watu, kazi umekosa, unasingizia biti.

Mleta uzi: Sijamsahihisha! Yeye ndiye kaandika! Mistari miwili!

Fundi Kufuli: Afadhali wewe umechekwa tu. Mimi niliweka identityHashCode (hiyohiyo hashkodi) kwenye logi, JDK 8, toleo la zamani la Java. Kumbe kufuli yenye upendeleo (inayoharakisha kazi kwa kupendelea uzi mmoja, yaani thread) inaandika kitambulisho cha uzi huo palepale inapokaa hashkodi, na vyote viwili haviingii. Upendeleo ukafutwa, mfumo ukawa mzito, nikaamshwa saa nane usiku.

Kobe wa Pili: Uzi upi, huu? 😂

Mkaa Pembeni: JDK 8 mpaka leo? Upendeleo huo ulizimwa tangu JDK 15. Na JDK 25 ina hedi ya biti 64 tu ukiiwasha, hashkodi bado ina biti zake 31.

Fundi Kufuli: Mkuu, ofisini kwetu JDK ni ya 2014 na mshahara ni wa 2014.

Mama Semikoloni: Una mshahara wewe? Sisi mwezi wa tatu huu tunaambiwa "benki ina tatizo".

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye ubao.

Kobe wa Pili: Mama, si pale ghorofa ya nne penye lifti mbovu?

Mama Semikoloni: Hapohapo. Na lifti bado.