Kwa nini mpira unanyooka mazoezini na kupinda uwanjani?

Mwanafunzi wa Lubumbashi:
Ndugu zangu, nilianza gofu mwezi wa tano, mvua zilipokwisha. Kila Jumamosi napiga mipira 80 kwa fimbo ileile, namba 7, mpaka viganja vinawaka, na mwishoni karibu yote inanyooka. Lakini Jumapili, nikiingia uwanjani, mpira wa kwanza tu unapinda kulia na kupotelea mitini. Nijifunze vipi ili nilichokipata kibaki?

Baba Mapacha:
Mwenzangu, naona kasoro katika hiyo mipira 80. Ukirudia pigo moja, mwili unasahihisha tu pigo lililotangulia, ilhali uwanjani hakuna pigo linalokuja mara mbili. Mwaka 1979 watafiti Shea na Morgan walionyesha, kwa zoezi la mikono lisilo la gofu, kwamba waliochanganya mazoezi walionekana wazito siku ya kujifunza, lakini baadaye walikumbuka vizuri kuliko waliorudia jambo lilelile. Piga mipira 30, na kila mmoja ubadilishe fimbo na shabaha.

Mama wa Kampemba:
Papa, naongeza jambo ambalo wengi hulidharau. Katika uwanja wa mashimo 18 unaotarajiwa kumalizwa kwa mapigo 72, mapigo 36 huhesabiwa kuwa ya kusukuma mpira kwenye nyasi fupi, mawili kwa kila shimo, na hayo unaweza kuyafanyia mazoezi nyumbani. Fagia ua, laza kikombe, simama hatua mbili, kisha tatu, kisha tano, na usihame mpaka mipira mitatu mfululizo iingie. Shimo la kweli lina upana wa milimita 108, kwa hiyo ukitoka kwenye kikombe litaonekana kama sufuria. Ila udongo ulioshindiliwa huukimbiza mpira, basi uani jifunze unyoofu tu.

Mshika Fimbo:
Namheshimu Baba Mapacha, lakini kwa mtu wa miezi michache sikubaliani naye. Kwa anayetumia mkono wa kulia, mpira hupinda kulia kwa sababu uso wa fimbo, yaani sehemu inayogusa mpira, umefunguka: umeelekea kulia zaidi ya njia inayopita fimbo yenyewe, na mara nyingi chanzo ni mshiko. Kuchanganya fimbo hakuponyi mshiko. Mwalimu akutazame mikono kwanza.

Mwanafunzi wa Lubumbashi:
Nikitazama mkono wangu wa kushoto juu ya fimbo, naona kifundo kimoja tu cha vidole.

Mshika Fimbo:
Basi mshiko wako ni dhaifu, yaani mkono umegeukia mno kushoto, si kwamba hukazi vidole. Uzungushe mkono huo kidogo kuelekea kulia mpaka uone vifundo viwili, kisha upige nusu pigo, polepole, kabla ya kuongeza nguvu.